Kitana cha Zamu ya Asubuhi

Uummannaq. Jua lilituaga Novemba
na tangu hapo halijatuma hata salamu.
Saa nne asubuhi giza limeegemea dirisha
la nyumba ya wazee kama jamaa asiye na pa kwenda,
nami naingia chumba namba sita
na beseni, taulo,
na kitana cha plastiki chenye pengo.

Bibi Eleonora ana vidole vitano.
Vingine barafu ilivila, mwaka ule alipopotea na mbwa wake;
na hivi vilivyosalia, baridi yabisi imevikunja
kama kucha za ndege aliyelala.
Kwa hiyo nywele zake ni kazi yangu.

"Polepole, Paninnguaq," ananiambia.
"Hapo kisogoni kuna sili."

Mzaha huo ni wa kila siku. Nacheka kila siku.
Kisha anaanza, kana kwamba sijawahi kusikia:

Palikuwa na msichana aliyekataa wachumba,
akamkubali mgeni aliyeficha macho kwa miwani ya mfupa.
Alipoivua, alikuwa ndege.
Baba akaja kumchukua kwa mtumbwi wa ngozi.
Ndege akapiga mbawa, bahari ikainuka,
na baba, kwa woga, akamtosa mwanawe.
Msichana akashika ukingo.
Baba akashika shoka.

Pingili za kwanza zikawa sili.
Za pili, wale wenye pembe zinazofagia sakafu ya bahari.
Za tatu zikawa nyangumi, zikapumua.

Tangu siku hiyo yuko chini, mwenye wanyama wote,
asiye na cha kujichania.
Kila tunalokosea huku juu,
nyama iliyotupwa, neno lililofichwa,
mtoto aliyepigwa mlango ukiwa umefungwa,
hushuka taratibu kama masizi, likanasa nyweleni mwake.
Zikijaa, naye anafunga mlango. Sili hakuna. Njaa ipo.
Ndipo mtu mmoja hulazimika kuzama,
ampite mbwa wa mlangoni,
akae nyuma yake, asiseme kitu,
achane.

"Na baba yake?" niliuliza siku moja, nikiwa na hasira zangu.
Bibi alinyamaza mpaka maji ya beseni yakapoa.
"Alirudi nyumbani. Alikula. Alilala.
Hadithi ndiyo iliyokataa kupanda naye mtumbwini."

Luzviminda wa jikoni, mzaliwa wa Bohol kwenye joto,
anasema kwao zamani mbingu ilikuwa na miezi saba,
joka likameza sita.
Watu wakatoka na masufuria, wakapiga, wakapiga,
hadi joka likaona haya, likautema wa mwisho.
"Nanyi jua lenu limemezwa tangu Novemba,
mmekaa tu mnakunywa kahawa!"
Juzi alitoka barazani na mwiko na sufuria ya supu.
Mbwa wa mji mzima wakamwitikia.
Bibi Eleonora alicheka hadi akakohoa:
"Mwambie apige kwa nguvu zaidi.
Huenda joka lao na letu ni moja."

Saa nne na robo simu inalia.
Ni Malik, mwanawe, mvuvi wa halibuti,
mtu wa injini na mashine ya kupimia kina,
asiyeamini kitu. Atakuapia.
Haulizi mama amelalaje.
Haulizi amekula nini.
"Mmeshamchana?" anauliza,
na nyuma ya sauti yake nasikia mbwa wakihangaika,
kamba ya ndoano ikiburutwa juu ya barafu.

"Limebaki fundo moja," namjibu.

"Basi nasubiri."